Theluthi ya Nne

Ndugu msomaji, hebu tazama ramani ya zamani ya Uingereza, kule kaskazini. Kaunti ya Yorkshire ilikuwa kubwa mno, ikagawanywa mara tatu: Mashariki, Kaskazini na Magharibi. Kila kipande kiliitwa Riding. Usidhani ni habari za kupanda farasi! Neno waliliacha Waviking waliotawala mji wa York, na maana yake ni theluthi tu. Ndiyo maana Riding ya Kusini haikuwapo. Theluthi ya nne itoke wapi?

Aprili 1, 1974 serikali ikachora mipaka upya. Sehemu kubwa ya East Riding ikaunganishwa na watu wa Lincolnshire, ng'ambo ya mto Humber, ikazaliwa kaunti ya Humberside. Ati kaunti moja, na daraja la kuvukia mto likafunguliwa 1981! Wengi walilikataa jina hilo. Wa kaskazini walibaki Yorkshire, wa kusini Lincolnshire, mpaka 1996 Humberside ikafutwa na jina East Riding likarudi.

Sasa sikia kioja. Winifred Holtby, ambaye mama yake alikuwa diwani huko East Riding, aliandika riwaya juu ya baraza la kaunti, akaiita South Riding. Ilitoka 1936, mwenyewe keshafariki mwaka mmoja nyuma. Theluthi ya nne hiyo, kaichora peke yake kwa kalamu, na watu wanaisoma hadi leo. Humberside je? Jina limebakia kwa polisi na uwanja wa ndege.