Ngogo wa Tanganyika

Ngogo wa aina ya Synodontis multipunctatus ni samaki wa familia Mochokidae anayeishi Ziwa Tanganyika pekee, yakiwemo maji ya Uvira na Fizi, Kivu Kusini. Mwanasayansi Boulenger alimweleza kisayansi mwaka 1898.

Ana sharubu, madoa meusi na mapezi yenye kingo nyeupe. Hula konokono na wadudu wa majini.

Uzazi wake ni wa ajabu. Samaki jike wa baadhi ya aina za sikilidi hulea mayai kinywani. Anapotaga, ngogo hupenyeza yake, na sikilidi huyaokota yote. Makinda ya ngogo huanguliwa mapema na kula ya mwenyeji. Mtafiti Tetsu Sato alichapisha ugunduzi huo mwaka 1986.

Katika tangi la kioo afugwe kwa kikundi, pamoja na sikilidi wa maziwa makuu. Anahitaji mapango ya mawe, mchanga laini, maji ya nyuzi 24–27 na pH ya 8 hadi 9. Miiba ya mapezi yake hunasa kwenye wavu, hivyo abebwe kwa chombo.