Moses Molelekwa na Piano ya Tembisa

Moses Taiwa Molelekwa alizaliwa mwaka 1973 na kukulia Tembisa, kitongoji cha Waafrika karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Tangu ujana alipiga piano pamoja na magwiji kama Hugh Masekela. Albamu yake ya kwanza, Finding One's Self, ilitoka mwaka 1995. Katika Genes and Spirits ya mwaka 1998, alichanganya jazi na midundo ya kwaito, muziki wa vijana wa vitongojini, na kumshirikisha mpiga piano wa Kuba, Chucho Valdés. Alifariki Februari 2001, akiwa na miaka 27. Albamu hizo zilithibitisha kuwa jazi ya Afrika Kusini ingeweza kujikuza kwa midundo ya kizazi kipya bila kupoteza asili yake.