Uchomaji wa neva za figo

Uchomaji wa neva za figo ni tiba ya shinikizo la damu sugu, yaani lile linalobaki juu ya 140/90 ingawa mgonjwa anameza ipasavyo dawa za aina tatu, mojawapo ya kuongeza mkojo. Daktari hupenyeza katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye ateri ya kinena hadi ateri ya figo. Joto la mawimbi ya redio au ya altrasaundi huunguza neva za ukuta wake, zinazochochea figo kubakiza chumvi. Matokeo ya kwanza kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2009. Jaribio kubwa la 2014 halikuonyesha ubora kuliko tiba bandia, lakini mitambo iliyoboreshwa iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Shinikizo hushuka kwa kiasi tu. Wengi huendelea na vidonge.

Kabla ya uchomaji, chanzo cha shinikizo hutafutwa kwanza: kikiwa uvimbe wa tezi ya adrenali, upasuaji huweza kuponya kabisa.

Kwa mkazi wa Mingoyo, Manispaa ya Lindi, mwenye shinikizo sugu, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Sokoine, mjini Lindi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, yenye maabara ya katheta, iko Dar es Salaam, takriban kilomita 450 kaskazini.