Damu ya Ziwani na Chumvi ya Boston

Kabla ya Migori na Homa Bay kuwa kaunti, zote zilikuwa Nyanza Kusini, nchi ya ziwa na mbu. Huko walikuwapo watoto waliovimba vidole, wakageuka manjano macho na kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Ugonjwa huo ni selimundu. Wengi husema sikoseli tu.

Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika mwaka 1910 kuhusu seli za damu zilizopinda kama mundu, alizoziona kwa mwanafunzi kutoka Grenada. Lakini kuzitambua kulitaka subira: tone la damu lilifunikwa kwa kioo, likazibwa lisipate hewa, likaachwa hadi kesho yake. Ndipo mwaka 1948 Daland na Castle wa Boston wakatumia metabisulfiti ya sodiamu, chumvi ile ile inayohifadhi matunda makavu. Chumvi hii huinyang'anya damu oksijeni, na seli zenye himoglobini ya S, ile ya selimundu, hujipinda upesi mbele ya hadubini.

Kipimo cha namna hiyo kingeweza kubebwa safarini. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za makabila mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba chembe ya urithi ya selimundu. Nyanda za juu, hawakufikia hata mmoja katika 100. Allison aliona kwamba ramani hiyo inafanana na ya malaria, akahisi kwamba chembe hiyo huwakinga wanaoibeba.

Alirudi mwaka 1953 kuthibitisha. Wanaume 30 Waluo, 15 wenye chembe hiyo na 15 wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wasio nayo, 14 walipatikana na vimelea. Kati ya wenye nayo, wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Walijitolea, tunaambiwa. Mimi husita kwenye neno hilo, nikikumbuka Kenya ya mwaka 1953 ilikuwa chini ya hali ya hatari na nani alikuwa akimwomba nani.

Kemia nayo haikulala. Linus Pauling na wenzake wa California walikuwa wameonyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya S ikipitishwa kwenye umeme haiendi sawa na ya kawaida. Vernon Ingram wa Cambridge akapata sababu: kiungo kimoja tu kati ya 146 vya mnyororo wa himoglobini kimebadilishwa.

Ile chumvi ilikuwa na kasoro iliyowagusa hasa watu wa ziwani. Ilisema chembe ipo, isiseme kama mtu ameibeba tu au anaugua. Kwa mtoto mchanga ilidanganya kabisa, kwa kuwa damu yake bado imejaa himoglobini ya tangu tumboni mwa mama. Umeme ulitofautisha, ila ulitaka mashine, stima na fundi.

Siku hizi kuna kipimo cha ukanda kama kile cha malaria. Kisigino cha mtoto huchomwa, tone huwekwa, na baada ya dakika chache mistari hujitokeza: A ya himoglobini ya kawaida, S ya selimundu, au yote mawili. Aliye na S bila A huanzishiwa penisilini akiwa na miezi miwili, vidole vyake vikiwa bado havijavimba.