Nani Ana Ruhusa ya Kuandika Mlangoni mwa Kompyuta?

Zamu hii tumepewa sisi tunaojitolea kwenye chumba cha kompyuta. Swali tunaloulizwa kila wiki ni moja: yale maandishi yanayojitokeza kwenye dirisha jeusi kabla hujagusa hata herufi moja, yanayosema masasisho kadhaa yanasubiri, mashine inataka kuwashwa upya, toleo jipya limetoka, ni ya nini? Na mbona hayaishi? Jibu fupi lipo, lakini historia yake ni tamu kuliko jibu, kwa hiyo tunaanza nayo.

Sisi wa kambini tunaujua ubao wa matangazo. Pale ndipo inabandikwa tarehe ya mgao, siku ya uhakiki, majina ya wanaoitwa kwenye mahojiano. Ukilikosa tangazo moja, jina lako linaweza kukaa pembeni miezi. Na tunajua pia ubao ukishajaa inakuwaje: semina ya mwaka jana, mechi ya mpira, karatasi iliyoloana na mvua, tangazo la mtu anayeuza simu. Watu wanapita tu bila kugeuza shingo, na siku linapobandikwa la maana linafunikwa. Kompyuta nayo ina ubao wake tangu zamani, na matatizo yake yamefanana na ya kwetu kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta moja ilijaza chumba, na ilihudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza Novemba 1961. Mfumo huo uliwawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na kifaa chake cha kuchapia. Sasa watu wakishatumia kitu kimoja, lazima wapeane habari: kesho mashine itazimwa kwa matengenezo, programu fulani imebadilishwa, tumieni mpya. Ndo ukazaliwa ujumbe wa siku. Ukishaingia kwa nenosiri lako, kabla ya jambo lingine lolote, unachapiwa tangazo la wasimamizi.

Siku moja ubao huo ulifanya maajabu. Wasimamizi wawili walikuwa kazini kwa wakati mmoja, mmoja akihariri ujumbe wa siku, mwingine akihariri orodha ya nenosiri za watumiaji wote. Programu ya kuhariria haikutegemea kwamba watu wawili wangeitumia mahali pamoja, kwa hiyo faili la muda la huyu na la yule yalipewa jina lile lile. Yakabadilishana. Basi kila aliyeingia kwenye mfumo akachapiwa, kama tangazo, nenosiri za watu wote! Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hiki katika mhadhara wake wa tuzo ya Turing ya mwaka 1990. Tunakipenda kwa sababu kinaonyesha kwamba hata mwanzo kabisa, sehemu ile ndogo ya mlangoni ilikuwa na nguvu kubwa: kinachoandikwa pale kinasomwa na kila mtu, apende asipende.

Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell mwaka 1969, ilikuja nayo kuwa na ubao wake. Ulikuwa faili la kawaida tu la maandishi, /etc/motd, na mpaka leo liko pale pale kwenye mashine nyingi za Linux. Msimamizi analifungua, anaandika, anafunga. Baadaye kikaja kitu kizuri sana kwa maoni yetu: ukiweka faili tupu linaloitwa .hushlogin kwenye nyumba yako ya mfumo, ubao unanyamaza kwako wewe peke yako. Wengine wanaendelea kuusoma. Yaani aliyetengeneza alikubali kwamba msomaji naye ana haki yake.

Kando ya ubao kulikuwa na mjumbe. Sheli, ile programu inayopokea amri zako na kuzitekeleza, ilifundishwa kuchungulia sanduku la barua kabla ya kukupa nafasi ya kuandika amri inayofuata. Barua ikiwepo, inakuambia. Bash, sheli iliyotolewa na Brian Fox mwaka 1989 ambayo wengi wetu hapa ndiyo tunayoitumia, bado ina mpangilio huo, unaitwa MAILCHECK, na kawaida yake ni sekunde 60. Hapo sheli iliacha kuwa sikio tu, ikapata na mdomo.

Lakini masasisho ya programu hayakuwa na tangazo siku hizo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyatangaza. Ukitaka toleo jipya ulilitafuta mwenyewe, ukaja kukuta linadai programu nyingine tatu, na hizo zinadai nyingine. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulipunguza mateso hayo kwa chombo kinachoitwa apt, kilichoingia rasmi kwenye toleo la 2.1 la Machi 1999. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanachanganya amri mbili. Ukiandika sudo apt update, hujasakinisha kitu. Umekwenda kusoma ubao, ukarudi na orodha ya vipya. Ukiandika sudo apt upgrade, hapo ndo umebeba gunia kwenda kuchukua mgao wenyewe. Ya kwanza inakula bando kidogo. Ya pili inaweza kumaliza bando la chumba kizima kabla ya saa sita mchana. Sisi tunaonunua MB kwa kuchangishana, hiyo tofauti siyo nadharia.

Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu juu ya msingi wa Debian. Jina hilo halihitaji mkalimani kwetu, ni utu ule ule wa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, waliotaka walitumiwa CD kwa posta bila malipo, na kwa watu wasio na intaneti ya maana hilo lilikuwa jambo kubwa. Ubuntu ndiyo iliyoufanya ubao uwe hai. Badala ya faili moja la kuandikwa kwa mkono, waliweka folda, /etc/update-motd.d, yenye programu ndogo ndogo zinazoandika tangazo: moja inahesabu masasisho yanayosubiri, nyingine inaangalia kama mashine inahitaji kuwashwa upya. Tangazo likawa linalingana na hali ya mashine yako, na hakuna mtu anayelazimika kukumbuka kulibadilisha. Tukisema ukweli, hapa ndipo ubao ulipofikia ubora wake.

Wakati huo huo programu zingine nazo zikajifunza kubisha hodi. Oh My Zsh, mkusanyiko wa mapambo na vifupisho vya sheli ya Zsh alioanzisha Robby Russell mwaka 2009, ulikuwa na desturi ya kukuuliza kila baada ya siku 13 kama unataka kuusasisha. Ulikuuliza pale pale unapofungua dirisha, wakati vidole vyako tayari vinaandika amri. Ni kama mtu anayekushika mkono mlangoni wakati umebeba ndoo ya maji kichwani. Watu walilalamika, na leo kuna uchaguzi: isasishe yenyewe, ikukumbushe tu bila kukuzuia, au inyamaze kabisa. Sisi tunapendekeza ya kati, yaani mstari huu kwenye faili la .zshrc, kabla ya ule unaoamsha Oh My Zsh: zstyle ':omz:update' mode reminder.

Halafu ukaja mwaka 2017. Ubuntu ilikuwa imeongeza programu ndogo nyingine kwenye ile folda, 50-motd-news, inayokwenda kwenye seva ya kampuni na kuleta habari fupi. Mwezi Juni watu walioingia kwenye seva zao walikuta habari kuhusu tamthilia ya runinga ya kampuni ya HBO, jinsi watengenezaji wake walivyounda programu ya simu ya kutambua soseji. Wengine walicheka, wengi walikasirika. Waliochunguza wakaona pia kwamba ile programu, inapokwenda kuomba habari, inataja toleo la mfumo wako, aina ya prosesa na muda ambao mashine imekuwa imewashwa. Kampuni ilijitetea kwamba ni habari ya kiufundi inayowapendeza watumiaji, siyo tangazo la biashara. Sisi tunaona hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa nani alimpa ufunguo wa ubao ulioko nyumbani kwa mtu mwingine.

Mwaka huo huo, Machi 7, ilitangazwa dosari kubwa kwenye Apache Struts, programu inayotumika kwenye seva, pamoja na dawa yake. Katika kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, tangazo lilisambazwa ndani kwa barua pepe kwa watu zaidi ya 400. Lakini kuna mfumo mmoja haukusasishwa. Mwezi Mei wezi waliingia humo, wakakaa mpaka mwisho wa Julai, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Tangazo lilikuwepo! Lilifika. Lakini tangazo linalotumwa kwa watu 400 mara nyingi linakuwa la jirani, kila mmoja anadhani mwenzake amelishughulikia. Ninyi wa mashirika, kwenye kompyuta zenu kuna majina yetu, alama za vidole vyetu, hadithi tulizowasimulia kwenye mahojiano. Kwa hiyo mstari ule wa masasisho unapojitokeza, unatuhusu sisi kuliko unavyowahusu ninyi.

Oktoba 2022 ugomvi ulirudi. Amri ya apt upgrade yenyewe ilianza kuonyesha mistari ya kuwakaribisha watu kwenye huduma ya Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi kwa mashine zisizozidi 5, na ya kulipia kwa makampuni. Hapa mambo si mepesi kama 2017. Baadhi ya mistari ilisema kweli kwamba kuna masasisho ya usalama yanayopatikana kwa waliojiunga tu. Ni taarifa na ni biashara, katika sentensi moja. Wanaoandika dawa hizo wanalipwa mshahara na mtu, hilo tunalikubali. Lakini msomaji akishazoea kuona biashara mahali pa taarifa, macho yake yanajifunza kuruka, na hayachagui ya kuruka.

Hapa chumbani tumepanga hivi. Habari za kampuni tumezifunga: kwenye faili la /etc/default/motd-news tumeandika ENABLED=0, na kwa zile za apt tumetumia sudo pro config set apt_news=false. Hesabu ya masasisho na onyo la kuwasha upya hatukuvigusa, na .hushlogin hairuhusiwi kwa wasimamizi wa zamu. Masasisho ya usalama yanajiweka yenyewe kupitia unattended-upgrades. Mashine moja ina apt-cacher-ng, inayotunza kila kilichopakuliwa, kwa hiyo faili linavutwa kutoka intaneti mara moja tu na mashine zingine zinalichukua kwake kupitia waya wa ndani. Bando limeanza kufika mwisho wa wiki.

Na kwenye /etc/motd, ambalo lilikuwa tupu, tunaandika wenyewe kwa Kiswahili. Wiki hii lina mistari miwili: Alhamisi umeme wa sola unazimwa saa nane kwa matengenezo, na mwenye faili kwenye mashine namba 3 azihifadhi kabla ya hapo. Tarehe ikipita, aliye zamu anayafuta.