Kombe Lililoanzia Kwenye Sabuni

Najua nimepotea, ila wenzangu wa ualimu mnajua kipindi hiki kilivyo: maandalio ya somo juu ya maandalio ya somo, na boom lenyewe limeshakata. Leo siongelei boom wala foleni ya kafeteria. Leo tupige stori ya mpira, lakini kihistoria.

Kuna hoja moja nimeichoka. Eti Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999, na hapo katikati majirani hatukuwa na chochote cha pamoja. Sekondari tulikaririshwa hivyo, na sisi tunajiandaa kwenda kukaririsha wengine hivyohivyo. Mimi nabisha. Kulikuwa na kitu, tena kikubwa kuliko Jumuiya yenyewe kwa umri. Kinaitwa Kombe la Chalenji.

Tuanze mwanzo kabisa. Mwaka 1926 Kenya na Uganda walicheza Nairobi kugombea kombe lililoitwa Gossage. Mechi ya kwanza sare ya 1-1, wakarudiana, Kenya akashinda 2-1. Sasa Gossage ni nani? Siyo gavana, siyo mmishenari. Ni sabuni! William Gossage and Sons ilikuwa kampuni ya kutengeneza sabuni kutoka Widnes, Uingereza, na wakati huo ilikuwa imeshanunuliwa na Lever Brothers, ambao baadaye ndio waliozaa Unilever. Walitoa kombe, jina lao likawa linatajwa kila mpira unapotajwa. Tangazo la biashara hilo, wala tusizunguke.

Kwa mtu wa kwetu Ikola hili halihitaji mhadhara. Ligi za kijijini zinaitwa kombe la fulani, na huyo fulani mara nyingi anautaka udiwani au ubunge. Analeta mipira miwili na jezi seti moja, mshindi anachukua mbuzi, na mwezi wa kumi kura zinaombwa. Watu wanajua kabisa mchezo unaochezwa nje ya uwanja, na bado wanajaa, kwa sababu mpira ukishaanza unakuwa wao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Gossage. Cha kuchekesha zaidi, hao Lever walikuwa na mashamba makubwa ya michikichi Kongo ya Wabelgiji tangu 1911, kwa ajili ya mafuta ya sabuni. Sisi watu wa mwambao wa Tanganyika tunaojua sabuni ya mawese tunaelewa biashara hiyo ilikuwa na maana gani.

Kwa karibu miaka ishirini kombe lilikuwa la Kenya na Uganda tu. Tanganyika tuliingia mwaka 1945, na Zanzibar wakafuata baadaye kidogo. Halafu wadau, angalieni jambo hili ambalo wengi hamlijui: Tanganyika ilibeba kombe 1949, 1950 na 1951. Mara tatu mfululizo! TANU yenyewe imezaliwa 1954. Maana yake ni kwamba miaka mitano kabla ya chama cha TANU kuwepo, kulikuwa na vijana kumi na moja wanaovaa jezi moja na kuitwa Tanganyika, na wanawashinda majirani. Wanaosoma historia ya utaifa wanatafuta chimbuko lake kwenye vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, na wako sahihi. Mimi naongezea uwanja wa mpira.

Jina la sabuni lilidumu hadi 1966, yaani hata baada ya uhuru wa nchi zote. Mwaka 1967, mwaka uleule Jumuiya ilipoanzishwa, likabadilishwa kuwa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1973 ikaundwa CECAFA, na tangu hapo ndiyo inayolisimamia.

Na hapo ndipo stori inanoga, kwa sababu siasa ilikuwa imeshachafuka. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa Idi Amin wakashindwa, na Amin akajibu kwa mabomu Bukoba na Mwanza. Mkataba ukasainiwa Mogadishu Oktoba. Watu walishakufa, Nyerere na Amin hawataki hata kuonana. Mwaka mmoja baadaye, 1973, fainali ya kwanza ya CECAFA inachezwa Uganda, na ni nani na nani? Uganda na Tanzania! Uganda wakashinda 2-1. Mwaka 1974 mashindano yakaja kwetu, fainali ikawa ya walewale, na safari hii sisi tukachukua kwa penalti. Mwaka huohuo wa 1974 yakaanza mashindano ya klabu ya ukanda huu, Simba wakawafunga Abaluhya ya Kenya 1-0 kwenye fainali. Yaani makombe yote mawili yalilala Tanzania. Mwaka 1975 Yanga wakawafunga Simba 2-0 fainali ya klabu, Zanzibar, na hilo mashabiki wa Yanga hapa bwenini wanalisema kana kwamba walikuwepo.

Sasa njooni kwenye 1977. Jumuiya inavunjika, shirika la ndege la pamoja limekufa, Februari Tanzania inafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Fungua daftari uandike chini yake washindi wa Chalenji kwa miaka hiyohiyo: 1977 Uganda, 1978 na 1979 Malawi, 1980 Sudan, 1981, 1982 na 1983 Kenya. Hakuna mwaka uliorukwa! Marais walishindwa kukaa meza moja, chama cha mpira kikaendelea kupanga ratiba kila mwaka.

Ule wa 1981 ndio ninaoupenda kuliko yote. Mashindano yalifanyika Tanzania. Namanga pamefungwa, lori la Mkenya halipiti, lakini Harambee Stars wako Dar es Salaam, tena wanacheza fainali na sisi wenyewe, na wanatufunga 1-0 nyumbani kwetu. Iliuma, lakini hebu fikiria: katika miaka ile ambayo kitabu kinasema hapakuwa na kitu, maelfu ya Watanzania walikaa wakiwatazama Wakenya dakika tisini, wakijua majina yao na namba zao.

Sisemi mpira ulileta amani. Hizo fainali mbili za 1973 na 1974 hazikumzuia Amin kuingia Kagera mwaka 1978, na vita ile iliua watu. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: ujirani ulikuwa na mahali pa kuishi wakati serikali zimeufukuza. Na ndiyo maana uliporudishwa kwenye karatasi 1999 haukuwa mgeni kwa wananchi.

Kwa Wazanzibari kombe hili lina uzito mwingine kabisa. FIFA haiwatambui kama mwanachama, lakini CECAFA wanacheza kwa jina lao na bendera yao. Mwaka 1995 walilibeba, tena kwa kuwafunga Uganda 1-0 kulekule Uganda. Mwaka 2017 CAF iliwapa uanachama mwezi Machi ikawanyang'anya Julai. Desemba mwaka huohuo Zanzibar Heroes wakaenda Kenya, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakawatoa Uganda, wakafika fainali wakatoka 2-2 na Kenya na kufungwa kwa penalti. Mshkaji wangu wa Pemba ninayesoma naye ukimgusia mechi ile, kitabu kinafungwa.

Na sisi wa ziwani? Ikola tuna kichekesho chetu. Asubuhi anga likiwa safi milima ya Kongo tunaiona kwa macho, mitumbwi inakwenda na kurudi, ila Kongo siyo mwanachama wa CECAFA. Eritrea ambayo hakuna kwetu aliyewahi kufika ndiyo ndugu yetu wa mpira! Klabu za Kongo zinakuja kwa mwaliko tu, kama AS Vita kwenye Kombe la Kagame mwaka 2012. Kagame ni yaleyale mashindano ya klabu yaliyoanza 1974. Yalipata jina hilo baada ya Rais Paul Kagame kuanza kuyadhamini 2002 kwa dola 60,000. Mnaona? Kutoka sabuni hadi rais, mwenye zawadi ndiye mwenye jina. Ziwa letu nalo limewahi kulibeba: mwaka 2013 mashindano yalipopelekwa Sudan hadi Darfur, Simba na Yanga hawakwenda kwa sababu ya usalama, wakaenda Vital'O ya Bujumbura, wakarudi na kombe.

Sisi Tanzania Bara tumelichukua Chalenji tena 1994, kwa kuwafunga Uganda kwa penalti, na 2010 Dar, kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa dhidi ya Ivory Coast waliokuja kama waalikwa. Uganda walipobeba 2019 lilikuwa la 15 kwao. Mwaka 2021 halikuchezwa kwa wakubwa bali vijana wa chini ya miaka 23, kule Ethiopia, na vijana wetu wakashinda.

Hapo ndipo roho inaniuma. Kombe lililoruka vita na mipaka iliyofungwa linayumba wakati mipaka iko wazi, kisa ratiba na udhamini. Wakati huohuo Kenya, Uganda na Tanzania, wale watatu wa Gossage, wamepewa kuandaa AFCON ya 2027 kwa pamoja. Mwaka 2026 unatimiza miaka 100 tangu mechi ile ya Nairobi. Tutajenga viwanja vya mabilioni kwa ajili ya wageni, halafu kombe letu la mtaani, kongwe kuliko yote ya timu za taifa Afrika, tuliache lioze?

Mimi nikipangiwa shule, hata iwe wapi, siku ya somo la kuvunjika kwa Jumuiya nitaandika ubaoni sababu zote zilizo kwenye mtaala, maana mtihani hauna utani. Halafu pembeni nitaandika: 1981, Dar es Salaam, Kenya 1, Tanzania 0. Wanafunzi wataniuliza mpaka ulifungwaje na hawa wamefikaje. Kuanzia hapo somo litajifundisha lenyewe.

Nawasilisha. Kesho saa moja nina kipindi, acha nikalale.