Mafao ya Jumuiya Iliyovunjika

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilipovunjika mwaka 1977, mafao ya watumishi wa reli, bandari, posta na ndege, yaani pensheni pamoja na kiinua mgongo, ambacho ni malipo ya mkupuo anayopewa mtumishi akiacha kazi, yalinaswa katika mgogoro wa kugawana mali. Mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1984, chini ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, uliipa Kenya asilimia 42 ya mali hizo, Tanzania 32 na Uganda 26, ukaitaka kila nchi iwalipe raia wake.

Kwa watumishi waliongoja mafao hayo bila kujua yangelipwa lini, njia za kawaida za kustahimili uhaba hazikutosha. Daftari la mwenye duka, ambamo unga na sukari huandikwa deni hadi mwisho wa mwezi, hufaa pale tu tarehe ya malipo inapojulikana. Upatu nao, mchango wa zamu ambao kila mwanachama hupokea fungu lote kwa mpangilio, humwacha nje asiye na cha kuchanga. Kilichobaki ni shamba, na watoto waliokwisha kupata kazi.

Nchini Tanzania madai ya mafao hayo yalifika mahakamani, na maafikiano yakapatikana mwaka 2005, wakati dola ya Marekani, iliyobadilishwa kwa takribani shilingi 8 mwaka 1977, ilikuwa imezidi shilingi 1,000, na wadai wengine walikwisha kufa, wakaacha warithi wafuatilie.